"Mabano ya Hiari": Istilahi Inayopotosha

Mfasiri wa vitabu vya kompyuta, akifika mahali panapoelezwa kwamba lugha ya Perl humruhusu mwandishi wa programu kutoa amri bila ya kuzifungia thamani zake ndani ya mabano, huelekea kuandika "mabano ya hiari". Kisarufi fasiri hiyo haina ila. Kimaana, kwa maoni yetu, inapotosha.

Msomaji akiambiwa kuwa alama fulani ni ya hiari, atafahamu kuwa kuiweka na kuiacha ni mamoja. Sivyo ilivyo. Tuchukue mfano wa mkulima wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, aliyeteremsha magunia 2 ya viazi Jumatatu na magunia 3 Alhamisi. Na tufanye kuwa kila gunia ni shilingi 60,000. Karani wake anaandika katika Perl: print (2 + 3) * 60000. Anatarajia 300000, kompyuta inamwandikia 5. Mabano aliyoyaweka ili kujumlisha kwanza yamechukuliwa kuwa ndiyo mipaka ya amri. Jumla imechapwa kabla ya kuzidishwa, na matokeo ya kuzidisha yametupwa. Programu haikatiki njiani. Isipokuwa maonyo yamewashwa, karani haambiwi neno. Angeandika print((2 + 3) * 60000), hesabu ingesimama.

Kiswahili chenyewe chatufunza jambo hili. "Bei ya viazi ya Mgeta" ni bei iliyoko Mgeta. "Bei ya viazi vya Mgeta" ni bei ya viazi vilivyotoka huko, hata vikiuzwa Kariakoo. Silabi moja imehamisha mpaka wa maana, na pamoja nao fedha za mtu. Hakuna mwanasarufi atakayeiita silabi hiyo ya hiari.

Waundaji wa Python nao waliuondoa utata wa jinsi hii. Katika toleo la 2, aliyeyazungushia mabano maneno mawili baada ya print alichapiwa na mabano yenyewe. Toleo la 3.0, lililotoka Desemba 2008, liliyafanya mabano ya amri hiyo kuwa ya lazima.

Tunapendekeza basi "mabano yanayoweza kuachwa", pamoja na maelezo kwamba yakiwapo hukata mpaka wa amri. Istilahi hii ni ndefu kidogo. Lakini ni afadhali urefu wa maneno kuliko upungufu wa hesabu.