Kihika: shujaa anayesifiwa na kila mtu, asiyeulizwa na yeyote



Tangu Ngugi wa Thiong'o afariki Mei 2025 tumesoma tanzia nyingi, na karibu zote zinamtaja Kihika wa A Grain of Wheat (1967) kana kwamba ni picha ya ukutani. Kijana wa Thabai, kaingia msituni, kateka kituo cha polisi cha Mahee, kasalitiwa, kanyongwa hadharani soko la Rung'ei. Basi. Mimi naona riwaya yenyewe haituruhusu kuishia hapo.

Kwanza, Kihika hana sauti ya leo. Hadithi inaanza siku chache kabla ya Uhuru wa Desemba 1963, naye keshakufa. Tunampata kupitia wengine tu, na kila mmoja anamvuta upande wake: wazee wa chama wanataka jina lake lipambe sherehe, Jenerali R. anataka kisasi, Mugo anataka asahau. Maiti haibishi, ndiyo maana inafaa kila hotuba.

Pili, na hapa najua wengine watanuna, Kihika naye ana deni. Usiku aliomuua Robson anaingia kibandani kwa Mugo, yatima aliyetaka kulima shamba lake kwa amani, anamtwisha kazi ya kuandaa watu kijijini. Hamwulizi kama yuko tayari. Usaliti wa Mugo hauna utetezi, lakini tukimwita Yuda tukaishia hapo, hatujaeleza kitu. Mwandishi ametuonyesha jinsi imani ya mmoja inavyoweza kumsonga mwenzake pumzi.

Tatu, jamani, Wambuku na Njeri wako wapi katika tanzia hizi? Wambuku alimsihi Kihika asiende. Akaja kufa baada ya kipigo cha askari wakati wa kuchimba handaki. Njeri alimfuata msituni, akauawa vitani. Wote wawili walilipa gharama ileile. Hotuba hakuna.

Linganisheni na The Trial of Dedan Kimathi (1976), aliyoandika na Micere Githae Mugo. Kimathi wa pale ni chuma kitupu. Naelewa sababu: Kenya ya wakati huo ilikuwa ikiwazika wapiganaji kimyakimya, na marufuku ya Mau Mau haikuondolewa hadi 2003. Lakini kwangu Kihika, pamoja na Biblia yake iliyopigwa mistari, anabaki mtu zaidi.

Kuna watakaosema kumchambua shahidi ni kumdhalilisha. Hapana. Wakoloni waliwanyonga Wakenya zaidi ya 1,000 katika vita vile, wengi wao vijana wa vijijini. Tukiwageuza wote masanamu, tutakuwa tumewanyima tena kile walichonyang'anywa: utu wao, pamoja na makosa yake.

Nawasilisha. Anayepinga anipinge kwa kitabu mkononi.

Woodbridge, Virginia