Bia Nyeupe ya Hoegaarden: Jinsi Uchungu Ulivyopunguzwa Bila Sukari

Ukimuuliza asiyependa bia kinachomkera, mara nyingi atakutajia uchungu. Jibu la haraka ni sukari: bia ichanganywe na soda ya limau, kama Wajerumani wanavyofanya kwenye radler, naye anywe bila kukunja uso. Kinywaji hicho si kibaya, ila bia imefichwa tu. Pierre Celis, muuza maziwa wa Hoegaarden nchini Ubelgiji, alichagua kazi ngumu zaidi, ya kufufua bia yenye uchungu mdogo isiyotegemea sukari, na ndiyo ninayoiheshimu.

Kiwanda cha mwisho cha bia nyeupe hapo Hoegaarden, cha Tomsin, kilifungwa miaka ya 1950. Celis aliishi jirani nacho na ujanani aliwahi kusaidia kazi humo. Mwaka 1966 akaanza kuipika bia hiyo upya.

Uchungu wa bia hutoka kwenye maua ya hopsi. Yakichemka kwa muda mrefu, asidi zake hubadilika na kuyeyuka, na huo ndio uchungu unaobaki kooni. Kwa kipimo cha uchungu kiitwacho IBU, bia ya Pilsner Urquell hufika karibu 40. Bia nyeupe za Kibelgiji hukaa kati ya 8 na 20. Lakini kupunguza hopsi peke yake hakutoshi. Uchungu huo ndio unaozuia utamu wa kimea usikinaishe. Ukiondoka, bia hupwaya. Lazima kitu kingine kishike nafasi yake.

Hapo ndipo penye ufundi. Karibu nusu ya nafaka ni ngano mbichi, isiyooteshwa. Protini zake huipa bia ukungu, ulaini mdomoni na povu zito, na ngano huleta ugwadu mwepesi unaokata utamu. Kisha huja giligilani. Punje kavu, takriban gramu moja kwa lita, hupondwa na kutiwa dakika za mwisho za kuchemsha, kama mpishi anavyotia iliki chai ikikaribia kuepuliwa. Zikitangulia, linaloli, yaani mafuta yake yenye harufu ya maua na ndimu, hutoka na mvuke. Maganda makavu ya machungwa ya Curaçao yana uchungu wake yenyewe, kwa hiyo hutiwa kwa mkono mwepesi. Hamira inayoendelea kufanya kazi ndani ya chupa huongeza gesi, nayo huuacha ulimi ukiwa safi.

Hasara ipo. Hopsi huizuia bia isiharibike, na bia nyeupe ya zamani ilichachuka upesi. Celis alifanya kazi katika zama za majokofu na usafi wa viwandani. Bila hivyo isingesafiri mbali.

Ukimpa mgeni wa bia, ipoze vizuri, mimina sehemu kubwa, kisha zungusha chupa ili mashapo ya hamira yamwagike pamoja na iliyobaki. Kipande cha limau nakikataa, kwa kuwa kinaizima giligilani. Na kama anachokichukia ni ladha ya kilevi chenyewe, hii haitamfaa: ina kilevi asilimia 4.9, sawa na bia nyingi za kawaida.