Robeson alijua Kiswahili, lakini maneno yalikuwa ya wenyewe

Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wangu wa uzamili filamu kongwe iitwayo Sanders of the River, iliyotolewa London mwaka wa 1935. Nilitaka wamwone Paul Robeson, Mmarekani Mweusi aliyekuwa mwigizaji, mwimbaji na mwanaharakati, ambaye kizazi chao hakimjui kabisa. Kosa langu lilikuwa kudokeza kwamba miongoni mwa machifu wanaopitapita katika filamu hiyo yumo Jomo Kenyatta. Basi! Robeson akasahaulika papo hapo. Simu zikatoka mifukoni, tukasimamisha picha, tukairudisha nyuma, tukaikuza. “Prof, huyu ndiye Mzee? Alilipwa pesa ngapi?” mmoja akauliza, na darasa zima likaangua kicheko.

Kicheko kilipotulia, binti aliyekuwa ameketi nyuma akauliza swali ambalo sikulijibu vizuri siku hiyo. “Prof, umetuambia Robeson alikuwa anasomea Kiswahili wakati huohuo. Sasa mtu anayejifunza lugha yetu kwa mapenzi, mbona akubali kuigiza upuuzi kama huu?”

Swali hilo linatugusa sisi wapenzi wa lugha pabaya. Tumezoea kuhubiri, nami nimehubiri sana, kwamba anayeipenda lugha ya watu amewapenda na wenyewe, na kwamba kazi ya sanaa ikishavikwa lugha yetu imekuwa yetu. Maisha ya Robeson yanaitia imani hiyo kwenye mizani.

Robeson alizaliwa Princeton, jimbo la New Jersey, Aprili 9, 1898. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka mwaka wa 1860 akiwa na umri wa miaka 15, hatimaye akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake alifariki kutokana na ajali ya moto Paul akiwa hajatimiza miaka sita. Kijana huyo alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo cha Rutgers, akawika katika mpira wa Kimarekani, na akahitimu mwaka wa 1919 akiwa ndiye mwanafunzi aliyeteuliwa kutoa hotuba ya darasa lake. Akasomea sheria Columbia. Aliiacha kazi ya uwakili mapema, baada ya karani Mzungu kukataa kuandika maneno ambayo mtu mweusi alikuwa akimsomea. Tazama jinsi suala la maneno lilivyomwandama tangu mwanzo: alikuwa na shahada, alikuwa na la kusema, ila aliyeshika kalamu hakutaka kuliandika.

Jukwaa likampokea. Tamthilia za Eugene O’Neill zilimpa jina miaka ya 1920. Akahamia London, na mwaka wa 1930 akaigiza Othello huko. Aliporudia uhusika huo Broadway mwaka wa 1943, mchezo ulionyeshwa mara 296, idadi ambayo hakuna tamthilia nyingine ya Shakespeare iliyokuwa imewahi kuifikia pale.

Kwetu sisi, miaka ya London ndiyo yenye utamu. Mwaka wa 1934 Robeson alijiandikisha katika School of Oriental Studies, chuo ambacho hata neno la Afrika halikuwa limeongezwa kwenye jina lake. Liliongezwa mwaka wa 1938. Huko akasomea fonetiki na lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Hakuwa mtalii wa lugha. Katika maandishi yake ya wakati huo alitetea hoja kwamba lugha za Kiafrika zina mantiki na falsafa yake, na kwamba Mweusi wa Marekani aliyefundishwa kumwiga Mzungu alipaswa kurejea kwenye chemchemi hiyo. Enzi hizo wasomi wengi waliziita lugha zetu lahaja za washenzi, kwa hivyo hoja hiyo haikuwa jambo dogo.

Miaka hiyohiyo, katika Chuo cha University College papo hapo London, Kenyatta naye alikuwa akifanya kazi katika idara ya fonetiki. Alikuwa anatamka maneno ya Kikikuyu ili mtaalamu Lilias Armstrong ayachunguze kiimbo na toni. Kitabu cha Armstrong kuhusu fonetiki ya Kikikuyu kilichapishwa mwaka wa 1940, baada ya mwandishi kufariki. Kwa ufupi, Mmarekani Mweusi alikuwa akilipa karo ili ajifunze lugha ya Afrika, naye Mwafrika alikuwa akiuza sauti za lugha yake ili apate riziki. Wawili hawa ndio waliokutana katika filamu moja.

Filamu yenyewe ilitayarishwa na Alexander Korda na kuelekezwa na nduguye Zoltan, kutokana na hadithi za Edgar Wallace kuhusu utawala wa Mwingereza nchini Nigeria. Kikosi cha wapiga picha kilitumwa Afrika, kikarudi na picha za ngoma na nyimbo halisi. Kijiji cha Kiafrika kikajengwa Shepperton, karibu na London. Robeson aliposikia nyimbo zile zilizorekodiwa, alisisimka. Aliamini kwamba hatimaye ulimwengu ungeiona Afrika yenye utamaduni, lugha na heshima zake.

Ulimwengu uliona nini? Filamu inafunguka kwa maandishi yanayowasifu Wazungu wachache wanaowatawala na kuwalinda mamilioni ya Waafrika. Robeson ni Bosambo, mhalifu mdogo ambaye Kamishna Sanders anamfanya chifu kwa sababu ni mtiifu. Sanders akiondoka kwenda kuoa, nchi inavurugika. Akirudi, amani inarudi. Bosambo anaimba kwa ile sauti nzito inayotetemesha kifua, lakini anaimba sifa za bwana wake. Ngoma zilikuwa za kweli. Uongo ulikuwa katika hadithi iliyozibeba. Tena, nathubutu kusema, ukweli wa ngoma ndio uliofanya uongo huo uaminike.

Wapo wanaomtetea Robeson kwa kusema alihadaiwa, kwamba mambo ya kuusifu ukoloni yaliongezwa mwishoni na katika uhariri. Inasimuliwa pia kwamba aliondoka ukumbini kwa hasira usiku wa uzinduzi. Wengine, Marcus Garvey akiwa mmoja wao, walimshambulia bila huruma kwa kujidhalilisha mbele ya kamera. Mimi naona pande zote mbili zimempunja. Ni kweli kwamba hakuwa na usemi katika uhariri. Lakini hadithi za Wallace zilikuwa zinauzwa madukani, na msomi wa sheria hawezi kudai hakujua anatia saini nini. Kosa lake lilikuwa la kuamini kwamba lugha, ngoma na mavazi vikiwa halisi, heshima itafuata yenyewe. Ni kosa la mtu anayependa kitu hadi akasahau kuuliza kiko mikononi mwa nani.

Cha kumsifu ni kwamba alijifunza. Filamu iliyofuata kule Uingereza, Song of Freedom ya mwaka wa 1936, aliipokea kwa sharti kwamba aidhinishe toleo la mwisho. Nayo ina ila zake: mfanyakazi wa bandarini London anagundua kuwa ni mzawa wa ukoo wa kifalme, kisha anasafiri kwenda kuwaelimisha watu wake kisiwani kana kwamba walikuwa wakimsubiri yeye. Hata hivyo, Mweusi pale ni mtu mzima mwenye mke, kazi na fikra. Katika The Proud Valley ya mwaka wa 1940 yeye ni mchimba makaa miongoni mwa wachimbaji wa Wales, nayo ndiyo filamu aliyojivunia zaidi. Mwaka wa 1942, baada ya Tales of Manhattan kuwachora tena Weusi kama watu wajinga wanaongoja miujiza kutoka angani, alisema imetosha. Akaipa Hollywood kisogo katika kilele cha umaarufu wake. Waigizaji wangapi wana ujasiri huo?

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa wimbo. Wengi walimfahamu kwa “Ol’ Man River,” alioimba katika filamu ya Show Boat mwaka wa 1936. Wimbo huo ulitungwa na Wazungu, na mwimbaji wake ni kibarua mweusi aliyechoka, anayeogopa kufa na asiyetarajia mabadiliko. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, Robeson akaanza kubadilisha maneno alipouimba katika matamasha yake. Aliondoa msamiati wa kudunisha, na mahali pa uchovu na hofu akaweka azma ya kuendelea kupambana. Lahani haikuguswa, ila aliyekuwa akiomboleza sasa alikuwa akitoa ilani. Kwa mwanaisimu, hilo ni somo tosha la semantiki. Safari hii kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Na alipoishika kalamu, serikali ikashtuka. Aliongoza Baraza la Masuala ya Afrika huko New York, akifanya kazi na kina W.E.B. Du Bois na Alphaeus Hunton, wakitetea uhuru wa makoloni wakati ambapo Wamarekani wengi hawakujua Kenya iko wapi. Hali ya hatari ilipotangazwa hapa kwetu mwaka wa 1952 na Kenyatta akatiwa mbaroni, sauti za kuwatetea Wakenya Marekani zilikuwa chache, na baraza hilo lilikuwa mojawapo. Wakati huo pasipoti ya Robeson ilikuwa imeshafutwa tangu 1950. Katika kesi iliyofuata, mawakili wa serikali hawakuona haya kutaja miaka yake mingi ya kupigania uhuru wa Waafrika kuwa miongoni mwa sababu za kumzuia kusafiri. Kumbi zikamfungia milango. Mapato yake yaliyokuwa zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka yakaporomoka hadi dola elfu chache.

Hakunyamaza. Mwaka wa 1952 alisimama mpakani mwa Marekani na Canada akawaimbia maelfu ya watu waliokusanyika pande zote mbili. Mwaka wa 1957 aliwaimbia watu wa London, na baadaye wachimba makaa wa Wales, kupitia waya wa simu uliopita chini ya bahari ya Atlantiki. Mwaka uliotangulia, mbele ya kamati ya Bunge iliyowaandama wakomunisti, aliulizwa mbona asihamie Urusi. Akawajibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa na watu wake walikufa wakiijenga nchi ile, kwa hivyo habanduki. Mwaka wa 1958 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali haikuwa na mamlaka ya kuwanyima raia pasipoti kwa sababu ya imani zao, naye akarudishiwa yake. Alifariki Philadelphia mwaka wa 1976, akiwa mgonjwa na mpweke kwa miaka mingi.

Nikiishia hapo nitakuwa nimeandika tanzia, si uhakiki. Lipo doa. Mwaka wa 1949 akiwa Moscow alimwona rafiki yake, mshairi Myahudi Itzik Feffer, aliyekuwa kizuizini. Mwana wa Robeson alisimulia baadaye kwamba Feffer alimweleza kwa ishara kinachowangoja. Robeson aliimba wimbo wa mashujaa Wayahudi wa Warsaw jukwaani Moscow, jambo lililohitaji moyo. Lakini aliporudi kwao, hadharani, alikana kwamba Wayahudi walikuwa wakiteswa kule. Feffer aliuawa mwaka wa 1952, mwaka uleule Robeson alipotunukiwa tuzo yenye jina la Stalin. Mtu aliyebadilisha maneno ya wimbo mzima ili yaseme kweli alishindwa kuitamka kweli hii moja, kwa kuchelea kuwapa maadui zake silaha. Nampenda Robeson, lakini siwezi kumwombea radhi kwa hilo.

Sasa narudi kwa binti wa nyuma. Jibu langu ni kwamba kujua lugha na kumiliki usemi ni mambo mawili. Robeson alikuwa na Kiswahili mwaka wa 1935, lakini usemi ulikuwa wa Korda. Kenyatta, aliyekuwa akiitwa Johnstone wakati huo, alisimama kwenye kijiji cha mbao pale Shepperton bila hata jina lake kuorodheshwa. Miaka mitatu baadaye alichapisha Facing Mount Kenya kwa jina jipya la Jomo, akieleza jamii yake kwa namna aliyoitaka mwenyewe. Tena, uchungu ulioje kwangu mimi Mswahili wa kalamu, aliiandika kwa Kiingereza! Wa Kiswahili alitumika kuusifu ukoloni, wa Kiingereza akaukosoa.

Sisemi tukitupe Kiswahili. Wanaonisoma kila wiki wanajua nitakufa nacho. Nasema tusitosheke nacho. Leo tunashangilia kila filamu na kipindi cha runinga “kwa sababu ni cha Kiswahili,” ilhali mara nyingi anayekizungumza humo ni bawabu na yaya, tena kwa lafudhi iliyotiwa chumvi ili tucheke, naye wakili na daktari wanapewa Kiingereza. Hicho nacho ni kijiji cha Shepperton, tofauti ni kwamba tumekijenga wenyewe.

Muhula huu nitaionyesha tena filamu ile. Wakishamaliza kumtafuta Mzee na kucheka, nitawapa kazi moja: kila mara Bosambo anapofungua kinywa, waandike ni nani anayefaidika na maneno hayo. Kisha wafanye vivyo hivyo kwa kipindi wakipendacho cha saa moja usiku.