Tangawizi au Tanga Wizi? Maoni juu ya Majina ya Vikoa

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mzaha, lakini ambalo ndani yake mna suala zito la maendeleo ya lugha yetu. Jambo lenyewe ni yale majina yatumiwayo kuwa anwani katika intaneti, ambayo wataalamu wetu huyaita majina ya vikoa. Majina hayo huandikwa bila nafasi baina ya neno na neno. Matokeo yake ni kwamba mwenye jina huandika hili, na msomaji husoma lile. Na mara nyingine lile asomalo msomaji huwa ni la kuchekesha, au hata la kuaibisha.

Yafaa kwanza tueleze kanuni za mitambo. Jina la kawaida la kikoa hukubali herufi za a hadi z, tarakimu za 0 hadi 9, na kistari. Halikubali nafasi, wala halitofautishi herufi kubwa na ndogo, na kipande chake kimoja hakiwezi kuzidi alama 63. Desturi ya kubana maneno si ngeni kabisa, kwani enzi za simu za maandishi watu walilipia kila neno, na wenye biashara walijitungia anwani za neno moja. Lakini simu ile ilisomwa na karani na mpokeaji tu. Jina la kikoa husomwa na kila apitaye, na aghalabu hubandikwa juu ya mlango wa duka na ubavuni mwa gari.

Wenzetu wasemao Kiingereza walikutana na tatizo hili mapema. Kampuni ya Marekani iitwayo Experts Exchange, yenye kushughulika na maswali ya kompyuta, ilijiandikishia jina lake bila nafasi. Wasomaji wakalikata mahali pasipokusudiwa, wakasoma habari za kubadili jinsia, na kampuni ikaishia kutia kistari. Kisa hiki kimesimuliwa sana. Ambalo halijajadiliwa vya kutosha ni kwamba Kiswahili kimo katika hatari kubwa kuliko Kiingereza, na sababu zake zimo katika maumbile ya lugha yenyewe.

Sababu ya kwanza ni silabi. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na silabi zetu nyingi ni za konsonanti na irabu. Katika Kiingereza mrundikano wa konsonanti mara nyingi humdokezea msomaji kwamba neno moja limekwisha na jingine limeanza. Katika Kiswahili hakuna dokezo hilo; kila silabi yaweza kuwa mwisho wa neno, na kila ifuatayo yaweza kuwa mwanzo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima wa viungo wa Amani, wilayani Muheza, anataka kuuza tangawizi yake kwa njia ya mtandao. Anaandika tangawizi, kisha nukta, kisha co, kisha nukta, kisha tz. Jina ni fupi, ni safi, nalo ni la Kiswahili. Lakini jicho lililokwisha kuzoea anwani zianzazo na jina la mji litakata baada ya silabi ya pili, nalo litasoma Tanga, kisha wizi. Mkulima ametangaza kiungo, na msomaji amepata habari ya jinai.

Katika usemi kosa hili haliwezi kutokea. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa hiyo tangawizi ina mkazo mmoja, katika wi. Tanga wizi ina mikazo miwili, katika Ta na katika wi. Mkazo ndio mpaka wetu wa maneno. Maandishi hayauonyeshi mkazo, bali huutegemea ile nafasi tupu iachwayo baina ya maneno ili msomaji aujue. Ukiiondoa nafasi umeuondoa na mkazo, na msomaji amebaki kama mgeni asomaye barabara asijue kama ni njia ya magari au ni jambo lililofanywa sawasawa.

Sababu ya pili ni ngeli, na hapa ndipo aibu inapoingia. Viambishi vya wingi ma- na vi- huanzisha maelfu ya maneno yetu. Neno liishialo na ku likifuatwa na neno lianzalo na ma, silabi hizo mbili huunda tusi ambalo jarida hili halina haja ya kulichapa. Msomaji aziunganishe mwenyewe. Wakazi wa Tanga wamo hatarini zaidi, kwa kuwa kata zao nyingi huanza na silabi hiyo: Makorora, Maweni, Majengo, Marungu, Mabokweni, Mabawa. Mfugaji wa kuku wa Mabawa akiunganisha bidhaa yake na kata yake, aliyokusudia kuwa sifa ya mahali pake itakuwa kichekesho cha vijana wa Ngamiani kabla jua halijatua. Vivyo hivyo neno liishialo na ma likifuatwa na vi, hutokea mavi. Mama auzaye vitumbua akijiita mamavitumbua, ameweka mavi katikati ya chakula chake. Na shirika la hisani likijiita hudumavijijini, limeyapeleka vijijini.

Hata hivyo, yapasa tuwe waangalifu tusije tukalaumu herufi. Kitenzi kumaliza kina silabi zile zile mbili mwanzoni, nacho huandikwa kila siku katika magazeti na vitabu vya shule pasipo mtu kutabasamu. Sababu ni kwamba msomaji huliona neno zima, lenye nafasi pande zote mbili, na jicho halina haja ya kutafuta pa kukata. Basi aibu haimo katika silabi. Aibu imo katika kumwachia msomaji kazi ya kukata ambayo ilikuwa ni wajibu wa mwandishi.

Wako watakaosema kwamba dawa ni rahisi: turudishe kile kiunganifu cha -a ambacho watu hukiacha kwa kutafuta ufupi. Dawa hii husaidia mara nyingine. Kukuwamabawa ni jina refu, lakini halina tusi. Tuijaribu basi kwa lile shirika la vijijini. Huduma za vijijini, ikiandikwa bila nafasi, ni hudumazavijijini. Mavi yameondoka kweli, lakini sasa msomaji anasoma hudumaza vijijini, yaani shirika ambalo desturi yake ni kuvidumaza vijiji. Katika nchi ipiganayo na udumavu wa watoto, hilo ni tangazo baya kuliko la kwanza. Ni dhahiri kwamba sarufi peke yake haitoshi, pahitajika alama.

Na alama tunazonyimwa ni zaidi ya nafasi. Majina ya vikoa hayakubali ritifaa, na pwani ya Tanga yaijua hasara hiyo vizuri. Mtang'ata, nchi ya mwambao wa kusini mwa Tanga iliyoipa jina lahaja ya Kimtang'ata, haiwezi kuandikwa katika anwani ila kwa kuharibiwa iwe Mtangata, jina ambalo wenyewe hawalitamki. Ng'ombe huwa ngombe. Mganga wa meno ajitangazaye kwa kazi ya kung'oa, akinyang'anywa ritifaa, hubaki na ngoa, neno ambalo katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana ya tamaa na wivu. Ritifaa ile si pambo. Yatenga sauti mbili zilizo mbali.

Isidhaniwe kwamba twapinga kila muungano wa maneno. Tanga yenyewe ina mifano ya muungano mwema. Kata ya Nguvumali imeunganisha nguvu na mali, na hakuna aisomaye vinginevyo. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alimpa mhusika mkuu wa Utubora Mkulima jina lililoundwa kwa utu na bora. Jina hilo lina sifa tatu. Kwanza, maneno yake ni mawili tu. Pili, maana zake zimeungana zikawa wazo moja. Tatu, likikatwa mahali pengine popote halizai neno jingine la kumpotosha msomaji. Majina mengi ya vikoa yakosa walau sifa moja kati ya hizo, kwa sababu hutungwa na mtu aliyekwisha kuijua maana yake, naye ndiye asiyeweza kuliona kosa.

Kuna na kosa jingine, ambalo halichekeshi sana lakini limeenea zaidi. Anwani za halmashauri zetu huishia kwa vifupisho vya Kiingereza: cc kwa jiji, tc kwa mji, dc kwa wilaya. Jiji la Tanga ni tangacc, na Korogwe, yenye halmashauri mbili, hutenganishwa kwa tc na dc. Sasa DC katika masikio ya Mtanzania ni Mkuu wa Wilaya. Mwananchi aonaye panganidc ana haki ya kudhani kwamba amefika ofisini kwa mkuu huyo, ilhali amefika kwenye halmashauri, ambayo ni chombo kingine chenye madaraka mengine. Halmashauri ni neno letu, lijulikanalo na kila mpiga kura. Kuliacha mlangoni na kuingia na herufi mbili za kigeni zenye maana mbili si ufupi, ni utata.

Tukiwa katika kuhakiki, hatuna budi kulihakiki pia neno kikoa lenyewe. Wazee wa pwani hulijua kwa maana ya chakula cha shirika, ambapo kila mmoja hutoa kwa zamu na wote wakala pamoja. Mwingine atakumbuka koa, yule mnyama mtelezi wa bustanini, na kudhani kwamba kikoa ni mtoto wake. Wako wanaolicheka istilahi hii kwa sababu hizo. Maoni yetu ni kwamba lidumu. Kikoa cha taifa cha tz, kilichosajiliwa mwaka 1995, ni kweli mali ya shirika: kila taasisi ina sehemu yake chini ya jina moja, za serikali chini ya go, za biashara chini ya co, za elimu ya juu chini ya ac. Maana ya kale yaibeba maana mpya bila kulemewa. Twashauri tu kwamba mbele ya wananchi litumike anwani, na kikoa kiachiwe mazungumzo ya kitaalamu.

Je, kuna hasara gani watu wakicheka? Hasara ipo. Mfanyabiashara aliyechekwa mara moja kwa jina la Kiswahili atakimbilia la Kiingereza, si kwa kulipenda bali kwa usalama. Jirani yake atamfuata. Baada ya miaka michache mtaa mzima mpya, ule wa mtandaoni, utakuwa na vibao vya lugha nyingine, na itasemwa kwamba Kiswahili hakifai kwa mambo hayo. Lugha iliyofanyiwa kazi ya kusanifisha maendelezo tangu Kamati ya mwaka 1930, na kuwekewa Baraza kwa sheria ya mwaka 1967, haistahili kushindwa na nafasi tupu.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. La kwanza, kila jina kabla ya kuandikishwa lipewe mtu asiyelijua alisome kwa sauti, na uangalifu wa pekee uwekwe mahali neno la pili lianzapo na ma au vi. La pili, penye shaka kitumike kistari: huduma-za-vijijini haliwezi kumdumaza yeyote. La tatu, katika mabango na barua jina lichapwe kwa herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno. Kwa kuwa mitambo haitofautishi herufi, MamaVitumbua atafikiwa sawasawa, na msomaji atajua pa kukata. La nne, wananchi wazoeshwe kutaja alama hizo kwa majina ya Kiswahili, yaani nukta na kistari. Wengi hukikwepa kistari kwa sababu tu hawajui wakitajeje katika simu.

Wasomaji wa Tanga, Pangani, Mkinga na kwingineko waliokutana na majina ya namna hii waombwa kuyaleta kwa Baraza pamoja na maoni yao, ili mwongozo utakaotungwa utokane na majina halisi, wala si mifano ya kubuni kama hii yetu. Kucheka si dhambi. Lakini baada ya kucheka mtu hana budi kurudi akatie kistari.