Daftari la Wavu Mtupu

Kwetu Musoma mvuvi aliyetoka kapa haulizwi. Anapita na nyavu begani, watu wanamsalimu, wanamuuliza hali ya watoto, na habari za ziwani zinaachwa hukohuko ziwani. Nilikua nikiamini kwamba hiyo ndiyo heshima pekee anayostahili mtu mwenye wavu mtupu: kunyamaziwa. Kisha nikafanya kazi misimu miwili kwenye mto Missouri, Marekani, pale Montana inapopakana na North Dakota, katika kikosi cha kufuatilia sturjoni wa mwituni. Huko wavu mtupu ulikuwa na mstari wake daftarini, nao ulijazwa kwa umakini uleule wa wavu uliojaa.

Samaki tuliyemtafuta ni sturjoni mpauko, aliyepewa jina kwa weupe wake wa majivu. Mwilini ana safu tano za ngao ndogo za mfupa. Macho yake ni madogo mno, kwani mto ule ni wa tope na macho hayamfai kitu. Hupapasa sakafu ya mto kwa sharubu nne, akihisi windo, hutokeza mdomo ulio chini ya kichwa na kulifyonza. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 60, na jike hupitisha miaka kumi na kadhaa kabla ya kutaga mara ya kwanza. Mwaka 1990 aliwekwa kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Ana ndugu yake, pua-sepetu, mdogo zaidi na mwingi zaidi, na kuwatofautisha ndiyo hatua ya kwanza ya ufundi. Unamgeuza samaki taratibu na kumtazama tumbo: la mpauko ni laini kama ngozi tupu, la pua-sepetu limefunikwa vigamba. Kisha sharubu. Za pua-sepetu zimepangwa mstari mmoja, ilhali za mpauko mbili za katikati ni fupi na zimetangulia mbele kidogo. Wapo pia machotara wanaokuchanganya, na hapo mkono wa haraka huharibu takwimu za miaka. Mtu aliyenifundisha alikuwa akiwapima sharubu hata wale ambao mimi ningeapa kuwajua.

Wavu wenyewe ni wa matabaka matatu. Unatandazwa kukingama mkondo, unazama hadi chini, kisha unaachwa uchukuliwe na maji huku boti ikiufuata polepole. Mmoja anashika usukani, mwingine anashika kamba, na mwenye kamba anasikiliza kwa vidole: mtikisiko huu ni changarawe, huu ni gogo, huu ni kitu chenye uhai. Kabla ya hapo mmeshaandika saa, mahali, kina na joto la maji. Mkimaliza mnaandika saa tena, na umbali wavu uliosafiri. Hesabu ya samaki huja mwisho kabisa.

Ndipo nilipojua kwamba sifuri hazifanani. Wavu uliopita vizuri mita mia mbili juu ya mchanga bila kupata kitu umesema jambo kuhusu mchanga ule. Wavu uliojikunja kwenye gogo haujasema lolote. Mstari wake unakatwa, mnarudi juu ya mto na kuanza upya. Hata kama ni mwezi wa kumi, jua limezama, vidole vimekufa ganzi na hakuna binadamu mwingine ndani ya kilomita thelathini. Nimewaona watu wakirudia wavu saa hiyo bila kuambiana neno. Sijaona uaminifu unaonigusa zaidi ya huo.

Zipo siku samaki huja. Tulimpata mmoja karibu na makutano ya mto Yellowstone, mrefu kuliko mkono wangu ulionyooshwa, na sote tukashusha sauti. Anawekwa kwenye beseni la maji ya mto, anapitishiwa kisomeo kutafuta kitambulisho chini ya ngozi, kidude cha ukubwa wa punje ya mchele. Kikalia. Alikwisha kushikwa na mikono mingine kabla yetu. Tukampima urefu na uzito, nikamshikilia ndani ya maji kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka mkia ukanisukuma kiganja na kuondoka.

Nilipompigia baba simu kumweleza, aliniuliza kama tunaandika na siku tusizopata. Yeye alivua ningu mdomoni mwa mto Mara tangu ujana wake, wakati ningu wakipanda mto kwenda kutaga. Waliadimika, na anakumbuka walivyokuwa wengi, lakini hawezi kusema mwaka gani nyavu zake zilianza kurudi bila wao. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi andikeni, mwanangu."

Kwa maana kilichofichua maradhi ya Missouri ya juu ni sifuri za namna hiyo. Wakubwa walikuwepo, wazee waliozaliwa kabla bwawa la Garrison halijaziba mto mwaka 1953. Wadogo waliototoleshwa vituoni na kuachiwa mtoni walikuwepo pia. Waliozaliwa mtoni wenyewe na kukua, hapana, miaka nenda miaka rudi. Watafiti wakafuata swali hilo hadi kwenye mabuu: yakianguliwa hayajui kuogelea, huchukuliwa na mkondo siku nyingi, mamia ya kilomita. Kati ya ukuta wa bwawa la Fort Peck, uliokamilika 1940, na ziwa lililoundwa na Garrison, mto hautoshi. Mabuu hufika kwenye kichwa cha ziwa kabla ya wakati, mahali matope na mabaki yanayooza yamemaliza hewa ya oksijeni, na hufa huko.

Kiangazi cha 2011, mwaka wa mafuriko makubwa, buu moja la mpauko lilipatikana chini ya Fort Peck, likathibitishwa kwa vinasaba. Moja tu, nalo lilitosha kuonyesha kwamba wazee bado hutaga katika kipande kile cha mto.

Usiku wa mwisho wa msimu wangu wa pili tulichambua trei ya mwisho ya wavu wa mabuu kwa kibano na taa za kichwani: vijiti, wadudu wa maji, vifaranga vya samaki wengine. Mwenzangu akaipitia yangu, nami nikaipitia yake. Akasoma namba ya sampuli. Nikaandika saa, joto la maji, dakika ambazo wavu ulikaa mtoni, na kwenye safu ya sturjoni nikaweka sifuri, nikikaza penseli kwa sababu karatasi ilikuwa imelowa.