Mgeni Akifika Bunia, Tunamwambia Nini?

Katika desturi zetu za Ituri, mgeni akifika nyumbani anapewa kiti kwanza, halafu maji, ndipo anaulizwa habari za njia. Swali la ukoo linakuja baadaye, akiisha kupumzika, na linaulizwa ili kutafuta undugu: pengine babu yake aliwahi kulala kwetu, pengine shangazi yake aliolewa kijiji cha jirani. Hiyo ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, huku Bambu na kote Djugu. Lakini mgeni akifika Bunia, mji mkuu wa jimbo letu, na kuomba aelezwe mji, desturi hiyo inageuzwa miguu juu kichwa chini. Kabla hajakaa vizuri, anapangiwa makabila: hawa ni wa hapa, hawa walikuja, hawa ni wa kule ng'ambo ya mto. Katika kurasa hizi tunataka kupima namna Bunia inavyoelezwa kwa wageni, na kusema wazi kinachokosekana.

Kwa maoni yetu, kuna aina tatu za maelezo ambazo mgeni anakutana nazo.

Ya kwanza ni ile ya msitu. Mzungu aliyesoma kitu chochote juu ya Ituri kabla ya kupanda ndege, mara nyingi amesoma kitabu cha Colin Turnbull juu ya Wambuti, kilichotoka mwaka 1961. Turnbull alikaa Epulu, katika teritware ya Mambasa, na aliwapenda watu aliowaandika. Hatuna ugomvi naye. Lakini kitabu chake kilifanya jina "Ituri" liwe jina la miti mikubwa na watu wafupi wanaoimba usiku. Mgeni wa namna hiyo akishuka Bunia, anaona nyanda za majani, upepo wa baridi, vumbi, pikipiki mia kwenye Boulevard de Libération, na anauliza: "Sasa msitu uko wapi?" Mji uko mbele ya macho yake, lakini hauoni, juu ya kuwa hakuna aliyemwambia kwamba Ituri iko na mji.

Ya pili ni ile ya damu na dhahabu. Hiyo inatoka katika ripoti. Human Rights Watch ilitoa ripoti mbili ambazo kila mtumishi wa shirika amezipitia: ile ya Julai 2003, ambayo jina lake linasema Ituri imefunikwa na damu, na ile ya 2005 juu ya laana ya dhahabu. Hapa tuseme kwa heshima yote: kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Bila watu waliokwenda kuuliza na kuandika, wafu wetu wangebaki bila hesabu. Lakini ripoti ya mauaji ni karatasi ya ushahidi. Haikuandikwa ili mtu aujue mji. Mgeni anayeitumia kama kitabu cha kumwongoza anatembea Bunia kama mtu anayetembea kaburini, akipita kila nyumba na kuuliza nani aliuawa hapo na nani aliua.

Ya tatu ni ya kwetu wenyeji, ndiyo hotuba ya mapokezi. Wasomaji wanaijua kwa moyo. Ituri ina teritware tano: Aru, Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa. Ina makabila mengi. Ina ziwa lenye samaki, udongo wenye rutuba, dhahabu, mbao, watu wakarimu. Halafu ngoma zinapita, moja moja, kila kabila na mavazi yake, na mgeni anapiga picha. Yote ni kweli. Ubaya uko katika mpango wenyewe. Makabila yanapita mbele ya mgeni kama mafungu ya bidhaa sokoni, kila fungu peke yake, wala haelezwi kwamba wale wachezaji wanaishi avenyu moja, watoto wao wanakaa benchi moja shuleni, na mama zao wanauziana samaki ya Kasenyi na sombe kwa Kiswahili kimoja. Hotuba inataja vyote vilivyomo jimboni, ila mji wenyewe inausahau.

Kwa nini jambo hili litusumbue? Wengine watasema ni mambo ya maneno tu. Hapana. Katika Bunia, neno "mgeni" lilipata kuwa neno la kutisha. Wakati wa vita, mtu ambaye asili yake haikuwa ya Ituri aliitwa "jajambo", na jina hilo lilitosha kumfanya afungue duka lake kwa hofu au asifungue kabisa. Mei 2003, baada ya jeshi la Uganda kuondoka, mapigano yaliingia mpaka katikati ya mji. Maelfu ya watu walikimbilia kando ya makao ya MONUC na kando ya uwanja wa ndege. Kuanzia Juni hadi Septemba mwaka ule jeshi la Umoja wa Ulaya, lililoitwa Artémis, lilikuja kulinda mji. Katika miezi ile kartie zilichujwa kama nafaka: huku wa aina hii, kule wa aina ile. Kwa hiyo, maelezo yoyote ya Bunia yanayoanza kwa kuuliza "nani alifika wa kwanza?" yanarudia, kwa sauti ya upole, swali lile lile lililoulizwa kwenye vizuizi vya barabarani.

Sisi tungependa swali lingine: mji huu ulifanywa na kazi ya nani?

Tuanze na mahali. Bunia iko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,200, katika nchi ya Wabira. Zamani ofisi kubwa ya serikali ya kikoloni kwa upande huu ilikuwa Irumu. Bunia ilikuja kuichukua nafasi hiyo baadaye. Ilikua kwa sababu ya barabara. Upande mmoja barabara inashuka kwa Ziwa Albert, mpaka Kasenyi, ambako mizigo iliyotoka Mombasa kwa gari-moshi na kuvuka Uganda iliteremshwa. Upande mwingine inakwenda Komanda, Mambasa hadi Kisangani. Upande wa tatu inapanda Iga Barrière, kuelekea Mahagi na kuelekea machimbo.

Na hapo ndipo Bambu inaingia. Dhahabu ilionekana upande wa Kilo mwaka 1903, na uchimbaji ukaanza miaka miwili baadaye. Mwaka 1926 ikaundwa sosiete ya Kilo-Moto. Mwaka 1966 ikaitwa OKIMO. Bambu yetu ilikuwa kituo kikubwa cha upande wa Kilo: ofisi, karakana, hospitali, kambi za wafanyakazi. Watu waliletwa kutoka pande nyingi. Wengine walikuja kwa hiari, lakini wengi walitolewa kwa nguvu na mashefu walioamriwa na serikali kuleta idadi fulani ya wanaume. Katika kambi zile mtu aliamka na jirani asiyejua lugha yake, wakaelewana kwa Kiswahili. Kiswahili kilikuwa kimeshafika mashariki ya Kongo karne ya 19 na misafara ya biashara, lakini kilipata mizizi mirefu kwetu kwa sababu kilikuwa lugha ya kazi. Kiswahili kinachosikika leo kwenye soko la Bunia kina harufu ya machimbo.

Hata taa. Umeme wa mji wa Bunia ulitoka Budana, kwenye mto Shari, katika kituo kilichojengwa na Kilo-Moto kwa ajili ya machimbo. Mgeni akionyeshwa taa ya barabarani Bunia bila kuambiwa Budana, ni kama kuonyeshwa mtoto bila kutajiwa mama. Hotuba ya mapokezi inasema "dhahabu" katika orodha ya utajiri, kati ya mbao na samaki. Haisemi kwamba dhahabu ilikuwa na mikono, na kwamba mikono ile ilisaidia kuujenga mji mkuu wenyewe. Hilo ndilo dai letu watu wa Bambu. Hatuombi sifa. Tunaomba hesabu iwe kamili.

Jambo la pili ni majina ya kartie. Kwetu hayo ni maktaba ya wazi, na hayahitaji bajeti. Mgeni apelekwe kwa miguu, apewe majina moja moja. Saio ni jina la mji wa Ethiopia ambako askari wa Force Publique, Wakongomani, walishinda Waitaliano mwaka 1941. Lumumba halihitaji maelezo, lakini mgeni aambiwe hata hivyo. Salongo ni neno la wakati wa Mobutu, kazi za lazima za pamoja. Sukisa ni Kilingala, maana yake komesha, na linakumbusha kwamba lugha ya askari na ya utawala nayo iliacha alama. Nyakasanza, Mudzipela, Bankoko, Rwambuzi, Yambi Yaya, Simbilyabo: haya wazee wa kila kartie ndio wa kuyaeleza. Katika mwendo wa saa mbili mgeni atakuwa amepita vita vya dunia, uhuru, Zaire na kijiji cha kale. Hakuna hotuba inayoweza hivyo.

Jambo la tatu ni shule na sauti. Bunia ni mji wa walimu. Chuo cha elimu cha ISP kilizaa Radio Candip, iliyoanza kama kituo cha kufundisha kwa njia ya redio, na watu wengi wa Ituri, hata huku kwetu milimani, walijifunza kusikiliza dunia kwa masikio ya Candip. Shule ya theolojia iliyoanza mwaka 1961 ndiyo iliyokua ikawa Chuo Kikuu cha Shalom. Wanafunzi walitoka nchi mbalimbali za Afrika kuja kusoma Bunia. Mgeni anayejua Bunia kwa bunduki tu atashangaa kusikia kwamba kuna watu wanaoikumbuka kwa vitabu.

Jambo la nne ni cheo chenyewe cha "mji mkuu". Bunia ilikuwa makao ya jimbo la Kibali-Ituri tangu 1962 hadi 1966, halafu ikarudishwa kuwa makao ya wilaya chini ya Kisangani. Mwaka 1999, wakati wa vita, jimbo la Kibali-Ituri lilitangazwa tena na mkubwa wa jeshi la kigeni, na wengi wanaona tendo lile liliongeza moto. Mwaka 2015 Jimbo la Mashariki liligawanywa manne, na Ituri ikawa jimbo kwa sheria. Mji una komuni tatu: Mbunya, Nyakasanza na Shari. Kwa hiyo cheo hiki kilipewa, kikachukuliwa, kikatolewa na mtu asiyehusika, kikarudi. Watu waliopitia hayo wana haki ya kuuliza mji mkuu ni wa nini: ni wa ofisi tu, au ni nyumba ambamo kila teritware ina kiti?

Sasa tujibu swali moja ambalo tunajua litaletwa: je, vita visitajwe? Vitajwe. Kuficha ni kumdanganya mgeni na kuwatukana wafu. Lakini vitajwe kwa ukamilifu. Katika siku zile zile za mwisho wa Februari 2003, watu waliuawa Bogoro, na watu waliuawa Kobu, jirani zetu wa karibu. Juu ya Bogoro, mahakama ya La Haye ilimhukumu Germain Katanga Machi 2014. Juu ya mambo ya Mongbwalu, Kobu na pande za kwetu, Bambu ikiwemo, ilimhukumu Bosco Ntaganda Julai 2019. Waliokufa Bogoro wengi walikuwa Wahema. Waliokufa Kobu walikuwa Walendu. Mtu anayemwambia mgeni jina moja tu kati ya hayo mawili, hata akisema kweli tupu, ameanza kumwandikisha katika jeshi la upande wake. Kipimo chetu ni hicho: anayeeleza Bunia ataje Bogoro na Kobu kwa pumzi moja, au anyamaze kwanza mpaka aweze.

Na wale waliokimbia Djugu tangu mwisho wa 2017, wakajengewa vibanda vya mahema pale mjini na pale Kigonze, wasionyeshwe kama picha ya huruma. Nao ni wakaaji wa mji. Watoto wamezaliwa pale. Ukiandika kartie za Bunia bila kuwaandika, umeandika mji wa zamani.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaielewa hivi: mgeni akiuliza vizuri, mwenyeji analazimika kujieleza, na katika kujieleza anaona yale ambayo mazoea yalikuwa yamemfichia. Kwa hiyo maelezo mazuri ya Bunia yatatusaidia sisi wenyewe kabla ya kumsaidia mgeni. Tunawaomba walimu wa historia wawatume wanafunzi wa kila kartie kwa wazee, waandike asili ya jina la kartie yao, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu. Tunawaomba wanaopanga mapokezi, ngoma zichezwe na vijana wa mchanganyiko, kila mmoja acheze pia ile ya jirani yake. Na atakayekusanya kurasa zile aanze na barabara, afike sokoni, apite redioni, ashuke Budana, apande mpaka Bambu. Swali la ukoo liulizwe mwisho, kama desturi inavyotaka, mgeni akiwa ameshakaa na ameshakunywa maji.