Mchezaji hachoki peke yake: Football Manager na somo la Mazembe

Bon, bandugu, tuongee kidogo. Kila msimu kuna mwenzetu analalamika: "Ekipe yangu iliongoza mpaka mwezi wa pili, kisha bachezaji balichoka. Ule mchezo unaiba!" Hapana. Football Manager haiibi. Inakuhesabia tu madeni yako.

Inahesabu vitu viwili. Cha kwanza ni nguvu za mwili: mchezeshe mtu Jumamosi, Jumanne, na Jumamosi tena, utaona alama yake ya moyo inaacha kijani na kuelekea nyekundu. Cha pili ni mazoea ya mechi: anayekaa benchi wiki nyingi, miguu yake ni mizima lakini uwanjani ni mzito. Wengi wetu tunatazama cha kwanza tu. Tunapanga 11 wale wale, wakiisha nguvu tunaingiza vijana wasiocheza tangu miezi miwili, tunafungwa, halafu tunalaumu kompyuta. Ile mishale ya PES ilituzoesha kudhani kwamba siku mbaya ni bahati. Hapa siku mbaya uliitayarisha wewe mwenyewe, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya mchezo huu.

Ushahidi tunao hapa hapa Lubumbashi. Mwaka 2010 FIFA ilimfungia Trésor Mputu, nyota wa Mazembe. Kwa hesabu za wengi wetu, msimu ulikuwa umeisha. Kumbe bila yeye Mazembe ilibeba tena Ligi ya Mabingwa, ikaenda Abu Dhabi: Pachuca 1-0 tarehe 10 Desemba, Internacional 2-0 tarehe 14. Mabao matatu, wafungaji watatu: Bedi, Kabangu, Kaluyituka. Ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Hao hawakuokotwa siku ya shida. Walikuwa wamezoea kazi.

Na fainali ya tarehe 18, Inter 3-0? Wengine bado wanasema uchovu. Lakini Inter ilicheza nusu fainali yake tarehe 15, siku moja baada ya yetu, na Pandev na Eto'o walifunga dakika ya 13 na ya 17. Siku ile walituzidi tu. Uchovu usiwe kisingizio cha kila kitu.

Mchezo una kasoro yake pia. Safari ndani yake ni kubonyeza kitufe, wakati kutoka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 za ndege. Na kumpumzisha nyota ni rahisi kwenye skrini; jaribu kufanya hivyo kule Kamalondo, uwanja umejaa, uone kama utamaliza kipindi cha kwanza bila kutukanwa. Makocha wetu wanawachosha vijana kwa sababu wanaogopa watu, si kwa sababu hawajui kuhesabu.

Tangu 2022 sheria inaruhusu moja kwa moja kubadilisha wachezaji watano. Ukimtoa kipa, hiyo ni nusu ya ekipe. Kwa hiyo, kabla ya kuandika tena kwamba umeibiwa, fungua orodha yako: mchezaji wako wa 16 alianza mechi lini mara ya mwisho? Kama hukumbuki, jibu la kipigo chako umeshalipata.